Mbwa aitwaye Sochi: Mambo ya kupima kabla ya kumpa mbwa jina la mji wa Urusi

SOCHI, St Petersburg na Kazan ni majina yaliyozoeleka kwa wanaofuatilia habari za ukanda huu. Sochi ndiko viongozi wa Afrika walikokutana na Rais Vladimir Putin Oktoba 2019, katika mkutano wa kwanza wa kilele kati ya Urusi na Afrika. Mkutano wa pili ulifanyika St Petersburg, Julai 2023. Kazan ulipokea mkutano wa kundi la BRICS Oktoba 2024, na tangu Januari 2025 Uganda imo katika orodha ya nchi washirika wa kundi hilo.

Majina ya miji ya Urusi, hata hivyo, hayasafiri kwa taarifa za mikutano tu. Mengine yamevuka bahari yakiwa shingoni mwa mbwa. Kuna mbwa wa mitaani aliyeokotwa Sochi, akapelekwa Marekani na kuitwa jina la mji uliokuwa hautaki kumwona. Kisa chake kina somo kwa mtu yeyote anayetaka kumpa mbwa wake jina la mji anaoupenda. Zaidi sana kina somo kwa mfanyabiashara ambaye mbwa wake analinda ghala, duka au gari la mizigo, na ambaye siku moja huenda akapita naye mpakani.

Kwa watu wengi kumpa mbwa jina ni jambo la dakika mbili. Simba, Popi, Taiga au Jimi, basi imetosha. Lakini jina hilo litaitwa kila siku kwa miaka kumi au zaidi, litasikiwa na majirani, na litaandikwa kwenye kadi ya chanjo. Likiwa jina la mji, linabeba pia historia ya mji huo, nzuri na mbaya.

Mji uliojipamba, mbwa wakabaki nje

Sochi ni mji wa mapumziko ulioko pwani ya Bahari Nyeusi, kusini mwa Urusi. Februari 2014 ulikuwa mwenyeji wa Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi. Gharama ya maandalizi iliyotajwa sana wakati huo ni takriban dola bilioni 50 za Marekani. Zilijengwa barabara, reli, hoteli na viwanja vipya.

Ujenzi huo ulikuwa na upande wa pili. Baadhi ya familia zilihamishwa kutoka nyumba zenye ua ili kupisha miradi, na mbwa wao wa ulinzi wakaachwa. Wengine walizaliana karibu na kambi za mafundi, ambako walilishwa makombo. Kazi ilipoisha na mafundi wakaondoka, mbwa wakabaki. Michezo ilipokaribia, kundi la mbwa koko lilikuwa likizurura katika mji ambao dunia nzima ilikuwa inakuja kuutazama.

Mamlaka za mji ziliikodi kampuni binafsi kuwaondoa mbwa hao, na wengi waliuawa. Habari hizo ziliposambaa kimataifa, watetezi wa wanyama walianza kuwakusanya mbwa usiku na mchana na kuwaficha nje ya mji. Bilionea wa Urusi, Oleg Deripaska, akagharimia makazi ya muda yaliyojengwa haraka kwenye kilima. Makazi hayo yakaitwa PovoDog. Jina hilo lilichezea neno la Kirusi lenye maana ya kamba ya kumwongozea mbwa, na ndani yake likabeba neno la Kiingereza la mbwa.

Wanamichezo waliofika kushindana waliwaona mbwa hao njiani. Mmarekani Gus Kenworthy, aliyepata medali ya fedha katika mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwa kuruka vikwazo, alikuta mbwa jike na watoto wake karibu na eneo la Michezo. Picha alizopiga nao zilienea kuliko picha za medali yake. Yeye na wenzake walihangaikia hati na chanjo ili kuwasafirisha, na baada ya wiki kadhaa mbwa wakafika Marekani. Watoto wawili wakaitwa Jake na Mishka. Jina la pili ni la Kirusi, lenye maana ya dubu mdogo.

Mwanamichezo mwingine wa Marekani, Lindsey Jacobellis wa mchezo wa ubao wa theluji, naye alirudi nyumbani na mbwa wa mitaani. Huyu hakupewa jina la Kimarekani wala la mnyama. Aliitwa Sochi.

Jina hilo lina sura mbili. Kwa waandaaji, Sochi lilikuwa jina la fahari, lililoandikwa kwenye mabango, fulana na vikombe. Kwa mbwa aliyeokotwa, Sochi ni mahali alipozaliwa bila mwenyewe, akaponea chupuchupu. Kila anayeuliza sababu ya jina hilo husimuliwa habari za medali, kisha husimuliwa pia habari za mbwa waliobaki. Michezo ilikwisha baada ya wiki mbili na nusu hivi. Jina la mbwa liliendelea kuwakumbusha watu jambo ambalo mji ulitaka lisahaulike.

Hapo ndipo jina la mji kwa mbwa linapokuwa na uzito. Linakuwa na maana pale mbwa, mwenye mbwa na mji vinapohusiana kwa jambo lililotokea kweli. Mtu aliyesoma Voronezh, aliyefanya kazi Moscow au aliyemleta mbwa kutoka Kazan ana la kusema akiulizwa. Aliyeliokota jina kwenye ramani kwa sababu linasikika la kigeni hana la kuongeza.

Mbwa mashuhuri wa Urusi na majina yao

Ukitazama mbwa wa Urusi waliojulikana zaidi duniani, utaona kwamba hawakuitwa kwa majina ya miji. Waliitwa kwa tabia au umbo lao.

Laika, aliyerushwa angani Novemba 3, 1957 ndani ya chombo cha Sputnik 2, alikuwa mbwa wa mitaani aliyeokotwa Moscow. Kabla ya hapo aliitwa Kudryavka, yaani mwenye manyoya ya mawimbi. Jina Laika linatokana na neno la Kirusi la kubweka. Alikufa saa chache baada ya kurushwa kwa sababu ya joto kali ndani ya chombo, ingawa ukweli huo haukuwekwa wazi mpaka mwaka 2002. Mji wa Moscow ulimtoa Laika, lakini jina lililoingia katika historia lilitokana na sauti yake.

Belka na Strelka walirushwa Agosti 19, 1960, wakarudi salama siku iliyofuata. Belka ni kindi na Strelka ni mshale mdogo. Strelka alizaa baadaye, na mmoja wa watoto wake, Pushinka, alipelekwa mwaka 1961 kwa familia ya Rais John F. Kennedy kama zawadi ya kiongozi wa Kisovieti Nikita Khrushchev. Jina Pushinka linahusu ulaini wa manyoya. Nchi mbili zilizokuwa zikitishana kwa mabomu ya nyuklia zilipokeana mtoto wa mbwa mwenye jina ambalo hata mtoto mdogo angeweza kulitamka.

Hata viongozi wamewahi kuomba msaada wa kupata jina. Novemba 2010, Putin akiwa waziri mkuu alipewa mtoto wa mbwa mchungaji na waziri mkuu wa Bulgaria, Boyko Borisov. Aliwaalika wananchi wapendekeze jina. Lililoshinda lilitoka kwa mtoto wa miaka mitano wa Moscow: Buffy. Ni silabi mbili tu. Oktoba 2017, akiwa Sochi, alipewa na rais wa Turkmenistan mtoto mwingine wa mbwa aitwaye Verny, yaani mwaminifu.

Pamoja na hayo, mji na mbwa hukutana kwa njia nyingine huko Urusi, kwa mfano katika jina la aina ya mbwa. Mbwa mlinzi wa Moscow ni aina iliyotengenezwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa kuchanganya mbwa wa Kaukazi, Saint Bernard na mbwa wa kuwinda wa Kirusi. Ni mbwa mkubwa, mzito na mwenye manyoya mengi, aliyekusudiwa kulinda maghala na mali ya umma. Mwenye mbwa wa aina hiyo hana haja ya kumwita Moscow, kwa kuwa mji umo tayari katika jina la aina yake.

Tolyatti na mbwa aliyepoteza jina

Kisa kingine kinatoka Tolyatti, mji wa viwanda ulioko kando ya Mto Volga, unaojulikana kwa magari ya Lada. Kwa mujibu wa simulizi ya wakazi wake, mwaka 1995 gari lilipata ajali na waliokuwamo wakafa. Mbwa wao alinusurika. Kwa takriban miaka saba mbwa huyo alibaki pembezoni mwa barabara ile, akikimbilia magari yaliyofanana na la bwana wake. Watu walimletea chakula na hata kumjengea kibanda, lakini alikataa kuhama. Alikufa mwaka 2002.

Jina alilopewa na waliomfuga lilikufa pamoja nao. Wapita njia wakampa majina yao. Wako waliomwita Verny, na wako waliomwita Konstantin, au Kostya kwa kifupi, jina linalotokana na neno la Kilatini la uthabiti. Mwaka 2003 mji ulimsimamishia sanamu ya shaba kandokando ya barabara, na maharusi huenda kupiga picha hapo.

Mji wenyewe nao umepewa jina la mtu. Uliitwa Stavropol mpaka mwaka 1964, ulipopewa jina la Palmiro Togliatti, kiongozi wa chama cha kikomunisti cha Italia aliyefariki mwaka huo. Kwa hiyo mtu anayetaka kumwita mbwa wake Tolyatti kwa kumkumbuka Kostya atakuwa anatumia jina la ukoo la mwanasiasa wa Italia. Hilo si kosa, lakini ni vizuri mtu ajue anachokibandika.

Miji hubadili majina, mbwa habadili

Hapa kuna tahadhari inayoihusu Urusi kuliko nchi nyingi. Miji yake imebadilishwa majina mara kwa mara kufuata upepo wa siasa.

St Petersburg ulianzishwa na Tsar Peter mwaka 1703. Mwaka 1914, vita na Ujerumani vilipoanza, jina lake lilionekana kuwa la Kijerumani mno na likageuzwa kuwa Petrograd. Mwaka 1924 ukawa Leningrad. Mwaka 1991 ukarudi kuwa St Petersburg. Mtu aliyezaliwa pale mwaka 1913 na kuishi miaka 80 bila kuhama nyumba alibadilishiwa jina la mji mara tatu.

Tsaritsyn uliitwa Stalingrad mwaka 1925, kisha Volgograd mwaka 1961. Samara uliitwa Kuibyshev kuanzia 1935 hadi 1991. Nizhny Novgorod uliitwa Gorky kuanzia 1932 hadi 1990. Perm uliitwa Molotov kuanzia 1940 hadi 1957. Aliyempa mbwa wake jina la Molotov mwaka 1956 kwa mapenzi ya mji wake alibaki mwaka uliofuata na mbwa mwenye jina la mwanasiasa aliyeangushwa. Leo wengi wakilisikia jina hilo hufikiria chupa ya petroli inayorushwa kwenye ghasia.

Mbwa hawezi kubadilishiwa jina kila bunge linapopiga kura. Anaweza kufundishwa jina jipya kwa subira na chakula, lakini ni kazi, na mbwa mlinzi asiyejua anaitwaje ni hasara. Anayependa historia achague jina lililodumu. Kazan, Tula na Pskov ni majina yaliyovuka karne nyingi na tawala nyingi bila kubadilishwa.

Ulimi wa Kiswahili nao una neno

Wafunzaji wengi wa mbwa hushauri jina fupi, la silabi mbili hivi, lisilofanana na amri. Sababu yake inaeleweka. Mbwa hafuati maana ya neno, hufuata sauti. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland nchini Marekani uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mbwa huweza kulitambua jina lake hata sauti nyingine za watu zinapopigwa pamoja nalo, mradi kelele hizo zisizidi kiasi. Kwa mbwa anayekaa sokoni, stendi au mpakani, jina linalosikika wazi si pambo. Ndilo litakalomrudisha kabla hajaingia chini ya lori.

Kwa kipimo hicho, miji ya Urusi haiko sawa. Novorossiysk, bandari ya Bahari Nyeusi inayosafirisha ngano nyingi ya Urusi, ni jina muhimu kwa mnunuzi wa unga, lakini hakuna mbwa atakayesubiri limalizike. Vladivostok nalo ni refu. Omsk, Tomsk na Murmansk zina konsonanti zilizorundikana mwishoni. Ulimi wa Kiswahili utaziongezea irabu, na baada ya mwezi mbwa ataitwa Omusiki na baba, Omsi na watoto, na kitu kingine na mlinzi wa usiku. Mbwa mmoja hawezi kuitikia majina matatu.

Sochi, Tula, Penza na Samara ni mepesi. Kila silabi inaishia kwa irabu au inatamkika bila shida, na mkazo wake kwa Kirusi unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo kwa Kiswahili. Mkazi wa Samara akisikia jina la mji wake likiitwa uani Namanga au Rusumo atalitambua.

Bado maana inabaki. Ufa ni mji mkuu wa Bashkortostan, mji mkubwa na wenye heshima. Kwa Kiswahili ufa ni ufa, na kila mtu anajua kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mbwa mlinzi anayeitwa Ufa atawachekesha wateja, na mwenye ghala atatafuta namna ya kueleza kwamba ukuta wake ni mzima.

Kazan, mji mkuu wa Tatarstan, ni jina zuri na tayari limewahi kuwa la mbwa katika fasihi. Mwandishi wa Marekani, James Oliver Curwood, alitoa riwaya yenye jina hilo mwaka 1914 kuhusu mbwa mwenye damu ya mbwa mwitu. Lakini mahali ambapo wapakiaji huhimizana "kazana, kazana" tangu alfajiri, mbwa huyo atasimamisha masikio siku nzima bila sababu. Tena jina linaanza na sauti iliyo karibu na amri ya "kaa". Tula, mji wa samova na mikate ya tangawizi, linakaribia "lala". Anayempigia mbwa kelele alale huku jina lake ni Tula atakuwa anamchanganya mwenyewe.

Penza lina bahati. Mji huo uko kusini mashariki mwa Moscow, na kwa sikio la Mswahili jina lake linakaa jirani na penzi. Kwa mbwa wa nyumbani linafaa. Kwa mbwa wa kutisha wezi, mwenye mali aamue mwenyewe.

Jirani anasikia nini?

Jina la mbwa huitwa kwa sauti ya juu, na mwenye mbwa si msikilizaji pekee. Katika jamii nyingi za ukanda huu, kumfananisha mtu na mbwa ni tusi. Ndiyo maana jina la mtu, la kabila au la mahali panapoheshimiwa likipewa mbwa huweza kuchukuliwa kama maneno ya kanga: aliyelengwa atajijua.

Nigeria ilitoa mfano Agosti 2016. Mfanyabiashara mmoja katika Jimbo la Ogun alimwita mbwa wake Buhari, jina la rais wa wakati huo. Alisema alimpa jina hilo kwa sababu anampenda kiongozi huyo. Jirani mmoja hakuliona hivyo, kwa kuwa baba yake naye aliitwa Buhari, akapeleka malalamiko polisi. Mfanyabiashara alikamatwa na kufikishwa mahakamani, akidaiwa kufanya jambo linaloweza kuvunja amani. Alikana shtaka. Mapenzi yake kwa jina hayakumwokoa na siku za mahabusu, na siku za mahabusu kwa mfanyabiashara ni siku ambazo duka limefungwa.

Mji hauna baba wa kulalamika polisi, lakini majina ya Kirusi yameongezeka uzito tangu Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine. Hata wanyama waliguswa. Machi 1, 2022, shirikisho la kimataifa la wafugaji wa paka, FIFe, lilitangaza kuwazuia paka waliozalishwa Urusi wasiingizwe na kusajiliwa katika vitabu vyake nje ya nchi hiyo. Paka hawakuwa na kosa. Asili yao ndiyo iliyokuwa imeandikwa kwenye hati.

Katika Afrika Mashariki hali ni tofauti. Vizazi vya wanafunzi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi, Rwanda na Kongo vimesoma udaktari na uhandisi katika miji ya Urusi. Chuo cha Urafiki wa Mataifa cha Moscow, kilichoanzishwa mwaka 1960, kilipewa mwaka uliofuata jina la Patrice Lumumba. Jina hilo liliondolewa mwaka 1992 na kurudishwa mwaka 2023. Kwa waliopita huko, jina la mji wa Urusi ni ujana wao: bweni, baridi ya kwanza, mkate mweusi. Wakilitoa kwa mbwa wanakumbuka hayo. Hata hivyo, mfanyabiashara anayepokea wateja wa mataifa mbalimbali anapaswa kujua kwamba mteja kutoka Kyiv au Warsaw atalisikia jina hilohilo kwa sikio lingine.

Mpakani hawaulizi jina, wanauliza chanjo

Liko jambo ambalo jina zuri haliwezi kulitatua. Mbwa akivuka mpaka, afisa hatazami kama anaitwa Sochi au Simba. Anataka kujua kama amechanjwa kichaa cha mbwa.

Ugonjwa huo unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu maambukizi yote kwa binadamu hutokana na mbwa. Dalili zikishaonekana, ni nadra sana mgonjwa kupona. Shirika la Afya Duniani na washirika wake wameweka lengo la kumaliza vifo vinavyotokana na mbwa ifikapo mwaka 2030. Chanjo ya mbwa ndiyo silaha kuu.

Kwa kawaida anayesafirisha mbwa kutoka nchi moja kwenda nyingine katika ukanda huu hutakiwa kuwa na kibali cha kuingiza mnyama kutoka mamlaka ya mifugo ya nchi anakokwenda, cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali wa nchi anakotoka, na cheti cha chanjo ambacho hakijapitwa na muda. Kila nchi ina utaratibu na ada zake, hivyo ni busara kuuliza ofisi ya mifugo kabla ya safari kuliko kubishana getini.

Kwa safari za mbali masharti ni makali zaidi. Katika orodha ya Marekani ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, Urusi imo pamoja na Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Julai 2021 Marekani ilisimamisha uingizaji wa mbwa kutoka nchi za orodha hiyo, isipokuwa kwa idhini maalumu. Tangu Agosti 1, 2024, mbwa yeyote anayeingia nchini humo lazima awe na umri usiopungua miezi sita na awe na chipu ya utambuzi chini ya ngozi. Watoto wa mbwa waliotoka Sochi mwaka 2014 wasingepita kwa urahisi leo, hata mwokozi wao angekuwa na medali mbili.

Chipu hiyo haina jina wala mji. Kwa viwango vya kimataifa hubeba namba ya tarakimu 15, ambayo kazi yake ni kama ya namba ya chesi ya gari. Namba ndiyo inayomtambulisha mbwa, na jina lipo kwenye karatasi zinazoambatana nayo. Mfanyabiashara anayejua jinsi herufi moja iliyokosewa kwenye hati ya mzigo inavyoweza kumlaza mpakani ataelewa umuhimu wa karatasi hizo kulingana. Mbwa aliyeandikwa "Sochi" kwenye cheti cha chanjo, "Sochy" kwenye cheti cha afya na "Soki" kwenye kibali anamfungulia afisa mlango wa maswali, na majibu yake huchukua muda.

Kwa hiyo anayetaka jina la mji wa Urusi ana mambo machache ya kufanya. Aliite jina hilo kwa sauti mara ishirini akiwa amesimama uani, na amsikilize mtoto na mlinzi wakiliita pia. Aangalie kama halifanani na amri anazotumia, na kama halina maana ya kuchekesha au kuudhi kwa lugha za majirani zake. Aulize mji huo uliitwaje zamani. Akiridhika, aamue namna moja ya kuliandika kwa herufi zetu, kwa sababu Kirusi kina herufi zake na jina moja huweza kuandikwa kwa namna mbili au tatu. Siku ya chanjo ya kwanza amwambie daktari wa mifugo aandike hivyo, asome kilichoandikwa kabla ya kuondoka, na ahifadhi nakala pamoja na hati zake za biashara. Chanjo ya marudio itakapofika, aende na kadi hiyohiyo.